Aibu ya nyuma nusura immalize mjomba!

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuongee kikubwa. Kama unakula, weka gazeti pembeni kwanza, maliza, nawa, halafu urudi. Kama uko kwenye daladala na jirani yako anachungulia ukurasa huu, mwache achungulie, huenda yanamhusu na yeye.

Nataka tuongelee makalio. Si yale mnayoyapigia miluzi pale stendi ya Maili Moja, hapana. Naongelea ule mlango ambao kila mtu anao, kuanzia waziri hadi mpiga debe, na ambao hakuna anayetaka kuutaja. Mlango huo nusura utuondolee mjomba wetu, na wala si kwa sababu dawa haikuwepo. Ni aibu tu.

Mjomba wangu ni mkulima wa korosho na mihogo, Kisarawe ndani huko, ukishaupita mji ukaikamata njia ya Maneromango. Ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa hela ya korosho, na kwa sisi Wazaramo mjomba si mtu mdogo. Mzee wa utani, mzee wa hadithi. Kijiwe cha kahawa bila yeye kilikuwa kama pilau bila bizari.

Basi bwana, mwishoni mwa mwaka 2021 mjomba akaacha kukaa. Umesoma sawasawa, msomaji, akaacha kukaa. Wenzake wako kwenye benchi chini ya mwembe wanacheza bao, yeye kasimama kaegemea mti. Akiulizwa anajibu, "Nimekaa vya kutosha ujanani." Watu wanacheka. Wengine wakasema mzee ana maringo tangu auze korosho. Kumbe mwenzao anaungua kimyakimya.

KOPO LA USIKU

Idd el Fitri ya Aprili 2023 nilitoka Kibaha kwenda kumpa mkono wa sikukuu. Kibaha na Kisarawe ziko mkoa mmoja wa Pwani, lakini mimi kwa daladala huzungukia Dar, nafika Gongo la Mboto, ndipo napanda mlima wa Pugu. Nikafika jioni nimechoka, nikapewa chumba cha uani, jirani na choo.

Usiku ule sikulala. Mlango unalia, kandambili zinaburuzika, kopo linachota maji kwenye ndoo. Nusu saa baadaye, tena. Nilihesabu lile kopo mara saba mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi namwuliza, "Mjomba, vipi usiku?" Akanijibu, "Kahawa hiyo, mpwa wangu."

Mkaza mjomba akaniita jikoni. Akapuliza moto kwanza, kama anayetafuta pa kuanzia.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "misuli ya mjomba wako naifua mimi. Mwaka na zaidi sasa naifua usiku, watoto wasione. Ni damu."

Nilisimama pale mdomo wazi. Mwaka na zaidi!

Kumbe mzee alishahangaika vya kutosha. Alikunywa mizizi ya kila rangi. Alinunua dawa za kuchomeka kwa wauza dawa wa mnadani. Alikwenda zahanati moja akasema tumbo linakata, akapewa vidonge vya amiba, akarudi tena akapewa vya minyoo. Hakuna aliyemwambia avue, na yeye hakujitolea kuvua. Kila mtu aliyemdokeza alimpa jina moja tu: bawasiri, au mgolo kama wengine wanavyoita. Na ugonjwa ukishapewa jina mtaani, nani tena anauliza?

KIDOLE CHA DAKTARI

Nikamdanganya. Nilimwambia nimenunua kiwanja Kibaha, aje akione. Alipofika nikampeleka hospitali. Alinuna, ila alikuwa amechoka kiasi kwamba hata ugomvi ulimshinda. Mkanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya aliyoyatoboa kwa msumari.

Akaingia daktari. Kasheshe! Daktari ni binti, umri sawa na mwanawe wa mwisho. Mjomba akanitupia jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Yule binti kama hakuliona.

"Shikamoo, mzee. Naomba ulalie ubavu wa kushoto, magoti uyakunje kuelekea kifuani. Nitavaa glavu, nitapaka mafuta, nitakupima kwa kidole. Ukisikia maumivu, niambie."

Mzee akalala akaukazia macho ukuta. Haikufika dakika mbili. Mwaka na nusu wa mizizi, vidonge na misuli ya kufuliwa usiku, halafu jibu likapatikana kwa glavu na kidole ndani ya dakika mbili!

"Mzee," yule binti akasema akivua glavu, "bawasiri unazo kidogo, ila si zinazokutesa. Kuna uvimbe ndani, ni mgumu. Huu lazima ukatwe kinyama kidogo kikapimwe maabara."

Alitueleza vizuri, na mimi nakupa kama nilivyopewa. Utumbo mpana unamalizikia kwenye puru, kipande cha kama sentimeta 15 hivi kabla ya mlango wenyewe. Kidole cha daktari hufika sentimeta saba au nane, kwa hiyo uvimbe ulio chini hauwezi kukikwepa. Ulio juu zaidi unatafutwa kwa kamera. Lakini si kidole wala kamera inayotoa hukumu. Hukumu inatolewa na kile kinyama chini ya hadubini.

Dar es Salaam wakaingiza kamera, wakakata kinyama. Majibu yakarudi: kansa ya puru. Wakampiga picha ya CT scan kuangalia ini na mapafu, na MRI ya nyonga kuona uvimbe umezama kiasi gani. Damu yake ilikuwa imeshuka, ikabidi aongezwe, na mimi nikachangia chupa moja.

Habari njema ilikuwa moja: ini na mapafu vilikuwa safi. Habari mbaya: uvimbe uko chini mno, umekaa jirani na misuli inayofunga mlango. Akifanyiwa upasuaji, mlango wenyewe utaondolewa na kushonwa, na choo kitatokea tumboni kwenye mfuko, maisha yake yote.

Mjomba akainuka. "Mpwa wangu, nirudishe Kisarawe. Bora nife mzima."

MWEZI WA KUVUTANA

Mzee akarudi kwake, akagoma. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi huku Kibaha nikawa mdadisi, nikasoma kila nilichopata na kumsumbua kila daktari aliyenivumilia. Nikagundua kwamba wanadamu wamekuwa wakiupigania mlango huu kwa zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1908 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Ernest Miles, aliandika juu ya upasuaji wa kuondoa puru yote kwa kupitia tumboni na chini. Ndio huohuo, ukiwa umeboreshwa, mjomba aliokuwa anaukimbia. Miaka mingi baadaye, mwaka 1982, Mwingereza mwingine, Bill Heald, alionyesha kwamba siri iko kwenye mafuta yanayoizunguka puru. Ukiyatoa yote pamoja na puru kama kifurushi kimoja, bila kukichana, uvimbe hupungua sana kurudi palepale.

Halafu wakaja Waswidi. Wao walichukua wagonjwa 1,168, nusu wakapasuliwa moja kwa moja, nusu wakapigwa mionzi wiki moja kabla ya kisu. Matokeo yalitoka mwaka 1997. Baada ya miaka mitano, uvimbe ulirudi kwa wagonjwa 27 katika kila 100 waliopasuliwa tu, lakini kwa wale wa mionzi ni 11. Na waliokuwa hai walikuwa 58 katika kila 100, dhidi ya 48. Ndiyo maana siku hizi daktari akiona kansa ya puru iliyozama, hakimbilii kisu. Anaanza na mionzi, mara nyingi pamoja na dawa za kansa, uvimbe usinyae kwanza.

Na mwaka 2022 kutoka New York ikaja habari iliyotikisa dunia. Wagonjwa 12 wa mwanzo waliopewa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, inaitwa dostarlimab, uvimbe wao wote uliyeyuka bila kisu wala mionzi. Niliposoma nikaruka kitandani! Daktari akanituliza: dawa ile ni kwa wale ambao uvimbe wao una hitilafu fulani ya vinasaba, na hao ni kati ya 5 na 10 tu katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya puru. Kwa mjomba haikuwa njia. Njia yake ilikuwa mionzi, kisu na mfuko.

Nikampigia simu nikamsomea hizo takwimu zote za Waswidi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo hakuna Mswidi aliyelijibu:

"Mpwa wangu, na sala je? Nitasimamaje mbele ya Mungu na choo kiunoni?"

Hapo ndipo nikaelewa. Mzee hakuwa anaogopa kufa, alikuwa anaogopa kuwa najisi. Kwamba atanuka, hatasogea msikitini, na mkewe atahama chumba. Nami muda wote nilikuwa namhesabia asilimia!

Nikapanda mlima wa Pugu tena. Safari hii nilikwenda moja kwa moja kwa sheikh wa msikiti wao, nikamweleza kinagaubaga. Sheikh hakushangaa wala hakucheka. Jioni ile alikuja mwenyewe, akakaa naye barazani.

"Mzee mwenzangu, dini haikutiki uzito huo. Mwenye udhuru wa kutokwa na kitu asichoweza kukizuia, anajisafisha awezavyo, anatia udhu kila wakati wa sala unapoingia, anasali. Wewe nani kakwambia hutakiwi safu ya mbele?"

Mkaza mjomba, aliyekuwa anachambua mchele kwa pembeni, akadakia bila kuinua uso: "Na mimi nilihama chumba lini? Damu nimefua mwaka mzima, mfuko ndio utanishinda?"

Mzee akanyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza gari la kwanza kwenda Dar linaondoka saa ngapi.

MKOBA WA KARIAKOO

Ocean Road, pale baharini karibu na Ikulu, ni jengo la Wajerumani la miaka ya 1890, na tangu 1996 sheria imeifanya kuwa taasisi ya kansa. Mwaka 2018 walianza kutumia mashine mpya za mionzi zinazolenga uvimbe kwa usahihi zaidi kuliko zile za zamani. Mjomba alipigwa mionzi wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kila siku, na vidonge vya dawa ya kansa juu yake. Alifikia kwa ndugu yetu Buguruni. Aliharisha, aliishiwa nguvu, ngozi ilimuwasha. Fedha nayo isikie hivihivi: nauli, vipimo, chakula. Ukoo uliuza mbuzi na kiwanja kimoja, hicho hicho nilichomdanganya nacho, maana kweli nilikuwa nacho.

Desemba 2023 akapasuliwa. Akaamka na mfuko.

Mwanzoni hakutaka hata kuutazama. Muuguzi akamfundisha kuumwaga, kuosha, kubandika mwingine. Mwezi wa pili akawa anabandika mwenyewe. Mwezi wa nne nikapata habari kutoka kijijini: mzee yuko kijiweni, kakaa! Ameegemea upande mmoja, ndiyo, lakini kakaa benchi, na kahawa mkononi. Mtu mmoja mwenye mdomo mrefu akamwuliza kuhusu huo mkoba. Mzee akamjibu, "Mkoba wangu huu nipite nao Kariakoo saa nane mchana, hakuna kibaka atakayeugusa." Kijiwe chote kikaanguka.

Mpaka naandika haya anakwenda kliniki zake, anapimwa, na hakijarudi kitu.

ZAMU YANGU

Sasa msomaji, utafikiri mimi baada ya kuyaona yote haya nilikuwa mjanja. Nisikilize.

Mwaka 2025, asubuhi moja Kibaha, nikaona damu. Nyekundu, mbichi. Moyo ukapiga paa! Nikafanya nini? Nikauchuna. Mimi, niliyemkokota mzee wa watu kwa uongo wa kiwanja, nikanunua dawa ya kupaka, nikajiambia ni pilipili. Mwezi ukapita. Nikaacha nyama choma, nikajiambia naona nafuu. Mwezi wa pili. Washikaji wakinialika nazuga nina kazi. Mke wangu sikumwambia kitu.

Mwezi wa tatu nikaenda Kisarawe. Tumekaa barazani, mzee ananitazama tu. Kisha akasema polepole:

"Mpwa wangu, mbona unakaa kama nilivyokuwa nakaa mimi?"

Nilitaka kujibu kahawa. Ulimi ukagoma. Mtu mzima, nikalia.

Kesho yake mjomba ndiye aliyenisindikiza. Mzee na mkoba wake, akapanda daladala tatu mpaka Kibaha, akaniambia njiani, "Ukifika lala ubavu wa kushoto, magoti kunja. Tazama ukuta. Dakika mbili tu." Nilipolala pale kitandani ndipo nikaonja aibu yenyewe ilivyo. Usiombe. Lakini mzee hakunidanganya, ni dakika mbili.

Zilikuwa bawasiri, ndugu zangu. Bawasiri za kweli, zilizopimwa. Wakaniingiza na kamera kuhakikisha, utumbo safi. Nikapewa dawa, nikaambiwa nile matunda na mboga, ninywe maji, nisikae chooni nusu saa nachezea simu.

VIJANA, SIKIENI

Nayasema haya kwa sababu vijana tunajidanganya mara mbili.

Uongo wa kwanza ni kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu. Zamani ulikuwa adimu kwetu kweli. Denis Burkitt, daktari wa Ireland aliyefanya kazi Mulago, Uganda, aliona jambo hilo, na mwaka 1971 akaandika kwamba huenda ni chakula chetu chenye makapi mengi kinachotulinda. Lakini watafiti waliopekua kumbukumbu za Ocean Road za miaka kumi hivi hadi 2015 walikuta wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana na puru wameongezeka mara kadhaa. Dona tumeikimbia, kisamvu tunakiita chakula cha shamba. Soseji, sigara, pombe na vitambi ndiyo starehe. Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa kansa, lilitamka mwaka 2015 kwamba nyama za kusindikwa kama soseji zinasababisha kansa hii. Lakini pia usifikiri muhogo ni hirizi. Mjomba alikula muhogo na kisamvu maisha yake yote.

Uongo wa pili ni kwamba ni ugonjwa wa wazee. Marekani mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza kuwachunguza watu wasio na dalili kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu vijana wanazidi kuupata.

Damu chooni mara nyingi ni bawasiri, sikutishi. Ila nani kakupima? Ukiona damu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, kimekuwa chembamba, unatoka chooni unahisi hujamaliza, unakonda bila sababu, unaishiwa damu, nenda. Ukipewa vidonge bila kuguswa, sema mwenyewe: "Daktari, naomba unipime." Glavu na mafuta vipo Kibaha, vipo Kisarawe, huhitaji kusubiri mashine kutoka Ulaya. Utafiti wote wa Waingereza, Waswidi na Wamarekani unaanzia pale unapokubali kulala ubavu wa kushoto.

Siku ile tunatoka hospitali mimi na mjomba, nilimshukuru. Akanipiga begani, akasema, "Sasa tuko sawa. Ila kile kiwanja ulichoniahidi bado sijakiona."